Kesi ya utotoni na viza ya Marekani: niseme au ninyamaze?

Assalaam alaykum Maalim,

Nakusoma kila wiki. Mara nyengine nacheka, mara nyengine naona kama umeniandikia mimi. Leo nakuandikia kwa sababu jambo langu sina pa kulipeleka. Ukimwambia jirani, kabla ya Isha limeshafika barazani.

Mimi ni kijana wa miaka 28, mzaliwa wa shamba, kaskazini Unguja, sasa nakaa Fuoni. Mwaka 2013 nilikuwa na miaka 16, bado niko skuli. Mimi na rafiki zangu wawili tulikwenda pwani usiku tukafungua mashine ya boti ya mzee mmoja wa kijijini kwetu. Tukaipakia kwenye gari la ng'ombe, tukaifunika makumbi, tukitaraji kuifikisha mjini kwa mtu aliyetuahidi pesa. Hatukufika hata barabara ya lami. Alfajiri tulikuwa kituoni, na hapo nililala siku mbili.

Kesi ikenda Mahkama ya Watoto. Mama aliuza bangili zake akamlipa mzee yule sehemu yetu, kwa sababu mashine ilirudi ikiwa imeingia maji. Hakimu aliniweka chini ya uangalizi wa ofisa wa ustawi wa jamii kwa mwaka mmoja, nikawa naripoti kwake. Chuo cha Mafunzo, yaani jela, sikuingia. Mzee mwenye mashine alinisamehe, na mpaka leo tukikutana msikitini ananipa mkono.

Mwaka 2018 nilipata viza ya matembezi kwenda Marekani kwa mama mdogo. Fomu alinijazia kijana wa steshenari mjini. Aliniuliza jina, pasi, kazi, na jamaa ninayemwendea. Maswali mengine aliyajaza mwenyewe, kwani kila siku anajazia watu. Lile swali la kuwa nimewahi kukamatwa sikumbuki kuulizwa, na naamini aliweka "Hapana". Nilipofika nilipewa miezi sita. Nikakaa hadi 2021, nafanya kazi ghalani, nikarudi kwa hiari yangu mama alipougua.

Mwaka 2022 nilioa. Mke wangu alizaliwa hapa, akapelekwa Marekani mdogo na wazazi wake, ana uraia wa kule. Tuna mtoto wa kike, yuko naye Columbus, Ohio. Mke wangu ameniombea na maombi ya kwanza yamekubaliwa. Sasa tunajaza fomu ya viza, hiyo DS-260. Yeye ndiye anayeandika kule, mimi namjibu kwa simu. Tumeshaambiwa kuwa nitazuiliwa miaka kumi kwa kule kukaa kupita muda, lakini kuna msamaha wa kuombwa. Sote tumeukubali huo mtihani.

Juzi tukafika kwenye swali: je, umewahi kukamatwa au kutiwa hatiani kwa kosa lolote? Nikamwambia subiri, mtandao unakata. Nikazima simu.

Maalim, mke wangu hajui habari za mashine. Wakwe zangu ni watu wa heshima, na baba mkwe aliuliza sana habari zangu kabla ya posa. Kaka wa mke wangu, ambaye nilimdokeza kidogo bila ya kumwambia yote, ananambia: "Weka Hapana. Cheti cha tabia njema cha polisi kimetoka safi, nani atajua?" Na Darajani kuna jamaa anasema kwa laki tisa faili la mahkama litatoweka, na hatoonekana mtu wala karatasi.

Nakuomba unambie: kesi hii itaniharibia msamaha? Niseme au ninyamaze? Na nikisema, ile "Hapana" ya 2018 itakuwaje?

Mwenye mzigo, Fuoni

*

Wa alaykum salaam, mwanangu.

Sema. Sema kwenye fomu, na kabla ya fomu mwambie mkeo. Nimelitanguliza jibu kwa sababu maelezo yake ni marefu, na sitaki uyasome yote huku moyo unadunda.

Hofu yako umeiweka pasipo mahala pake. Unaiogopa kesi ya mashine, na kesi hiyo kwa sheria ya uhamiaji ya Marekani ina uzito mdogo kuliko unavyodhani. Chenye uzito ni miaka yako ya ghalani, na kilicho kizito zaidi ni hilo neno ambalo shemeji yako anataka uliandike leo.

Tuanze na mashine. Wizi, kwa Wamarekani, ni katika makosa wanayoyahesabu kuwa ya kukosa uadilifu, na mtu mzima aliyetiwa hatiani kwa wizi anaweza kunyimwa viza kwa sababu hiyo tu. Lakini amri iliyotolewa dhidi ya mtoto katika mahkama ya watoto hawaihesabu kuwa ni kutiwa hatiani. Haya si maoni yangu mimi. Bodi yao ya Rufaa za Uhamiaji ilishalisema katika kesi ya Ramirez-Rivero mwaka 1981, tena kwa kitendo kilichofanyika nje ya Marekani. Mwaka 1996 Bunge lao likapanua tafsiri ya kutiwa hatiani, na mawakili wengi wakaogopa kwamba na watoto nao wameingizwa humo. Mwaka 2000, katika kesi ya Devison-Charles, Bodi ikasema la: tafsiri mpya haikugusa mashauri ya watoto.

Kwa kesi kutoka nchi nyengine wanapima kwa kipimo chao wenyewe. Wanauliza: kitendo hiki, kwa umri huu, kingefanyika kwetu, sheria yetu ya shirikisho ingekichukulia kuwa ni utukutu wa mtoto au jinai ya mtu mzima? Wewe ulikuwa na miaka 16. Ulipelekwa mahkama ya watoto, kwa mujibu wa Sheria ya Mtoto ya Zanzibar, Namba 6 ya 2011, ambayo nayo inamhesabu kuwa mtoto kila aliye chini ya miaka 18. Amri yenyewe ilikuwa ya uangalizi. Hapo sioni pa kubishania.

Na hata angetokea ofisa mwenye kubishana, kuna kuta mbili nyengine nyuma ya hiyo. Kanuni zinazowaongoza maofisa wa viza wa Marekani zinasema kosa la namna hii lililotendwa kabla ya kutimiza miaka 15 halimzuii mtu, na lililotendwa kati ya miaka 15 na 18 halimzuii isipokuwa alishitakiwa na kutiwa hatiani kama mtu mzima kwa jinai kubwa ya kutumia nguvu. Kufungua mashine usiku pwani, mwenyewe kalala kwake, ni wizi na ni aibu, lakini si kutumia nguvu dhidi ya mtu. Ukuta wa mwisho umo ndani ya sheria yenyewe ya uhamiaji: aliyetenda kosa moja tu la aina hiyo akiwa chini ya miaka 18, na ikapita zaidi ya miaka mitano tangu alitende, na tangu atoke kifungoni ikiwa alifungwa, halimzuii tena. Wewe imeshapita zaidi ya miaka kumi.

Kwa hiyo kwa mashine ile huhitaji msamaha wowote. Ukisikia mtu anakwambia ulipie msamaha wa kesi ya utotoni, mwambie akuoneshe kifungu kinachokuzuia kwanza.

Msamaha unaouhitaji ni wa jambo jengine. Aliyekaa Marekani bila ya ruhusa zaidi ya siku 180 lakini hajafikisha mwaka, akitoka anazuiliwa miaka mitatu; aliyepitisha mwaka mmoja anazuiliwa miaka kumi, na hesabu inaanzia siku aliyoondoka. Siku mtu alizokaa kabla ya kutimiza miaka 18 hazihesabiwi, lakini hilo halikusaidii, ulishakuwa mtu mzima. Wewe umetoka 2021, kwa hiyo bila ya msamaha ni mpaka 2031.

Njia yake ni hii. Mnatuma DS-260, unaitwa kwenye mahojiano, ofisa wa viza anakukataa kwa sababu ya hiyo miaka kumi na anakwambia kuwa unaweza kuomba msamaha. Hapo ndipo inapojazwa fomu I-601. Inapelekwa Idara ya Uraia na Uhamiaji ya Marekani, na wao ndio wanaoamua, si ubalozi. Ada yake tangu Aprili 2024 ni dola 1,050, mbali na dola 325 za viza yenyewe, na jibu lake si la wiki wala mwezi. Na kwa vile masharti ya viza kwa Watanzania siku hizi yanageuka geuka, kabla ya kulipa hata senti angalieni tangazo jipya la serikali ya Marekani, si maneno ya kwenye makundi ya WhatsApp.

Ndani ya msamaha huo yamo mambo mawili, na watu huliona la kwanza tu.

La kwanza ni kuthibitisha kwamba mkeo, raia wa Marekani, atapata dhiki iliyopindukia ukinyimwa viza. Tazama vizuri: dhiki ya mkeo. Kwa zuio lako wanaohesabiwa ni mke au mzazi aliye raia au mkaazi wa kudumu, basi. Mtoto wenu hahesabiwi peke yake, ingawa yale yanayompata mtoto yakimwelemea mama yake, yanaingia kwa mlango wa mama. Na wewe na upweke wako wa Fuoni hamhesabiwi hata kidogo. Nimewahi kusomeshwa barua ya msamaha ya kurasa tano, nne na nusu zilikuwa za mume anavyoteseka. Ilikuwa barua nzuri sana, na haikuwa na kazi.

Kumkosa mume, kulipa kodi ya nyumba peke yake, kumlea mtoto bila baba: hayo wanayaona ni ya kila aliyetengana na mwenzake, na peke yake hayatoshi. Yanahitaji yajumuishwe na mambo yanayomhusu yeye hasa. Ana maradhi anayotibiwa? Wazazi wake wanamtegemea kuwapeleka hospitali? Ana mkopo wa masomo, au kazi yenye leseni ya kule isiyotumika huku? Mtoto ana mahitaji maalumu ya skuli au ya daktari? Na mwandike upande wa pili pia: akihamia yeye Unguja itakuwaje. Kila dai liwe na karatasi yake: barua ya daktari, taarifa ya benki, barua ya mwajiri.

La pili ndilo linalokuhusu zaidi. Mkishathibitisha dhiki, bado msamaha si haki yenu. Ofisa anaweka mizani: huku mazuri ya mwombaji, huku mabaya, halafu anaamua kwa hiari yake kama anastahili. Hapa kesi ya mashine, iliyofungiwa mlango wa mbele, inaingia kwa dirishani. Haiwi tena sababu ya kukuzuia, lakini ofisa anaruhusiwa kuiangalia pamoja na mambo yako mengine. Ataiuliza ilikuwa kosa gani, miaka mingapi imepita, ulikuwa na umri gani, mtu aliumizwa au hakuumizwa, umerudia au hukurudia, na baada ya hapo umeishi vipi.

Jibu lako kwa maswali hayo, mwanangu, ni zuri. Kosa moja, miaka 16, hakuna aliyeguswa, fidia imelipwa, uangalizi umeumaliza. Tangu hapo hakuna jengine la polisi. Usilifiche jambo linalokusaidia. Mtu mwenye kosa moja la utotoni lililomalizwa vizuri anaeleweka, na maofisa wameona vijana wengi. Doa baya katika mizani yako ni kukaa na kufanya kazi bila ya ruhusa, na hilo wanalijua tayari.

Kwa hiyo kusanya haya. Nakala ya amri ya Mahkama ya Watoto iliyothibitishwa kwa muhuri, yenye tarehe ya kosa, umri wako, kosa lenyewe na amri aliyotoa hakimu. Cheti chako cha kuzaliwa, ili umri usibaki maneno matupu. Barua kutoka ustawi wa jamii kwamba uliumaliza uangalizi, kama kumbukumbu zao bado zipo. Karatasi za Kiswahili zifasiriwe kwa Kiingereza, na mfasiri aweke saini kwamba anazijua lugha zote mbili na kwamba tafsiri ni kamili na sahihi. Sheha akuandikie barua ya mwenendo. Na yule mzee mwenye mashine, ikiwa bado anakupa mkono msikitini, mwendee nyumbani kwake baada ya Alasiri umwombe maneno mawili matatu kwa mkono wake: kwamba alilipwa na kwamba amekusamehe. Barua ya aliyeibiwa ina nguvu kuliko barua za marafiki kumi.

Sasa umeona kwa nini yule jamaa wa Darajani ni mtu wa kumkimbia. Nauacha upande wa haramu na upande wa jinai, kwamba kulipia faili la mahkama lipotee ni kujitafutia kesi ya utu uzima, ambayo haina mahkama ya watoto. Nakutazamia maslahi yako tu. Faili lile ndilo pekee linalosema ulikuwa mtoto, ulihukumiwa kama mtoto, na hukufungwa. Likitoweka, kilichobaki ni kwamba ulikamatwa kwa wizi, na ofisa atakwambia nioneshe yalikuwaje, nawe huna la kumuonesha. Utakuwa umelipa laki tisa kununua mashaka.

Na cheti safi cha polisi kisikudanganye. Fomu haikuulizi cheti kinasemaje. Inakuuliza wewe kama uliwahi kukamatwa, hata kama baadaye ulisamehewa. Uliwekwa kituoni siku mbili. Jibu ni ndiyo, na chini yake nafasi ya maelezo: umri, mwaka, mahkama ya watoto, uangalizi, fidia. Mistari minne mitano inatosha. Usiandike hadithi ya gari la ng'ombe, ingawa mimi imenifanya nitabasamu.

Tufike kwenye "Hapana" ya 2018, ambayo naona ndiyo inayokunyima usingizi. Sheria yao inasema anayetafuta viza kwa kusema uongo wa makusudi kuhusu jambo la msingi anazuiliwa maisha. Maisha, si miaka kumi. Lakini masharti yake ni hayo mawili, na yote lazima yawepo: makusudi, na jambo la msingi.

Kwa makusudi, wewe unasema hukuulizwa. Huenda ni kweli, lakini usitegemee kwamba ofisa atalimeza hilo moja kwa moja, kwani fomu ile ya matembezi inathibitishwa kwa jina la mwombaji, na wao wanamchukulia kuwa anajua kilichomo. Wakili wako atalieleza, na wewe ueleze vile vile kila utakapoulizwa, bila ya kuongeza wala kupunguza.

Kwa jambo la msingi una hoja nzuri zaidi. Swali lao ni hili: ungesema kweli siku ile, ukweli huo ungekunyima viza, au ungefungua uchunguzi ambao pengine ungeishia kwa kukunyima? Tumeshaona kwamba kesi ya mashine haikuwa inakuzuia kwa sheria, hata mwaka 2018. Ikiwa ukweli haukuwa na madhara, kuutofautisha uongo wa maana na uongo usio na athari ndiyo kazi ya wakili. Na hata wakishindwa kukubaliana nawe, bado kuna msamaha wake. Unaombwa kwenye fomu hiyo hiyo ya I-601, na dhiki inayotazamwa ni ya mke au mzazi aliye raia au mkaazi wa kudumu, yaani ushahidi wenu ni ule ule.

Linganisha na anavyokushauri shemeji yako. Ukiandika "Hapana" leo, hakuna kijana wa steshenari wa kumsingizia. Umeulizwa, umeelewa, umezima simu, umefikiri, ukaandika uongo. Hayo ndiyo makusudi yenyewe. Na siku itakapojulikana, ile "Hapana" ya 2018 nayo itasomwa upya: itaonekana kwamba na ile ulikusudia. Jambo ambalo peke yake halikuwa na uzito litakuwa limetiwa uzito na wewe mwenyewe. Shemeji yako anakutakia heri, sina shaka. Lakini si yeye atakayesimama mbele ya dirisha la ofisa.

Usiyafanye haya peke yenu. Tafuteni wakili wa Marekani mwenye leseni anayefanya kazi za uhamiaji, na mumwambie yote matatu mara moja: kesi ya watoto, fomu ya 2018, na kukaa kupita muda. Wateja wengi humpa wakili moja, akamaliza kuandika, ndipo wanamletea la pili. Kuna mashirika ya misaada ya kisheria kule yanayotoza kidogo kwa wenye kipato kidogo. Mkeo aulize Ohio. Wajazaji fomu wa mjini kwetu waacheni wajaze fomu za skuli.

Kwa wazazi wanaonisoma, maana nawajua mtaniandikia wiki ijayo: msiichukue barua hii mkaivalisha kila kesi. Mtoto aliyepelekwa mahkama ya watu wazima yuko mahali pengine. Na kesi za dawa za kulevya zina ukali wake peke yake. Kwa aliyetiwa hatiani akiwa mtu mzima kwa dawa za kulevya, msamaha wa makosa ya jinai hauko ila kwa kosa moja la kukutwa na bangi isiyozidi gramu 30 kwa matumizi yake mwenyewe. Na ikiwa ofisa ana sababu ya kuamini kwamba mtu aliwahi kuuza dawa, hahitaji hukumu ya mahkama yoyote kumzuia, na kwa anayetaka kuhamia hakuna msamaha wake. Kijana aliyeshikwa na kete, hata kama ilikuwa utotoni, asifungue mdomo mbele ya ofisa wa viza au daktari wa viza kabla ya kuonana na wakili. Simwambii aseme uongo. Namwambia ajue kwanza anasema nini.

Nimelibakisha la mkeo kwa makusudi, kwa sababu ndilo la kufanywa mwanzo.

Naelewa kwa nini hukumwambia. Kwetu mambo haya husitiriwa, na sitara si uongo. Mama yako aliuza bangili zake ili jina lako lisitajwe barazani, na hukuwa na wajibu wa kulitaja siku ya posa. Lakini sasa hali imebadilika. Yeye ndiye mwenye maombi. Yeye ndiye atakayeandika kiapo cha dhiki, na ndani ya kiapo hicho atasema anakujua, anakuamini na anakuhitaji. Wakili wake ataona amri ya mahkama. Karatasi kutoka uhamiaji zitafika kwenye nyumba yake, kwa jina lake. Hakuna njia ambayo msamaha huu unaombwa naye akabaki hajui. Kilicho mkononi mwako ni kuchagua tu aisikie kutoka kwa nani. Wakili akimwuliza, "Ile kesi ya mume wako ya wizi mnaielezaje?" naye akanyamaza, hapo mtakuwa na shida ambayo haimo katika fomu yoyote.

Mwambie kwa simu ya kuonana, si kwa ujumbe, na si mtoto akiwa mapajani. Kwenu ikiwa saa nne za usiku, kwao ni alasiri au inakaribia, basi chagua siku ambayo hayuko kazini. Anza na mwaka na umri wako, kisha tendo, kisha amri ya hakimu, kisha mama na bangili. Usianze na kujitetea wala na rafiki zako. Akinyamaza, mwache anyamaze. Akikasirika, atakasirikia zaidi ule mtandao uliokatika kuliko mashine, nawe una haki ya kukasirikiwa kwa hilo. Kuhusu baba yake, hilo mwachie yeye aamue kama anamwambia na lini. Ni baba yake.

Wiki hii nenda mahkamani uombe nakala ya amri, chukua kitambulisho na kama unaukumbuka mwaka na jina la hakimu waambie, itawarahisishia kulitafuta faili. Na fomu ile msiitume. Mwambie mkeo aihifadhi kama ilivyo mpaka wakili aione.